Msitu wa Malipizi

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wavuvi hakula samaki. Nalisema mapema kwa sababu kila mgeni aliyetutembelea, awe wa wilayani au wa kanisani, aliligundua mezani, na kila mara tuliona aibu upya. Tumeshakaanga kambale, tumekamulia ndimu, mgeni amenawa mikono, halafu mwenyekiti anasogeza sahani pembeni na kuomba maharage. Mgeni anamtazama yeye. Sisi tunatazama sufuria.

Tulimwita Katekista. Alifundisha katekisimu kwenye kigango chetu hapa Kanazi miaka mingi, mpaka meno ya mbele yakamtoka, akastaafu, na jina likabaki. Hata mke wake alimwita hivyo, tena kwa sauti ya juu kutoka jikoni: "Katekista, kuni!" Na Katekista alileta kuni.

Mzee huyu aliupenda mto wetu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na nusura auue. Simsengenyi marehemu, mwenyewe alikuja kulisema mbele ya watu. Juu kwenye chemchemi, kwenye kipande cha ardhi yake, alisimamisha msitu wa mikaratusi. Miti ikakua, maji yakapungua, na kwa miaka kadhaa jambo moja tu ndilo lililotugawa: je, atakubali ikatwe kabla mto haujatukatikia? Ardhi ilikuwa yake. Bila neno lake hakuna aliyethubutu kupandisha shoka kule. Na mimi naishi kwa kukaanga samaki, nina watoto, sina shamba la maana. Kwa hiyo msitegemee nisimulie kama mtu anayetazama mechi ya wengine.

Mimi si Mhangaza kama watu wa hapa. Nimezaliwa Nemba, kule Biharamulo, baba yangu Mzinza, na kwetu mtoto wa kike anajua kupasua samaki kabla hajajua kusuka nywele. Nilipoolewa huku nilishangaa. Watu wanapita juu ya daraja la magogo na mikungu yao ya ndizi, chini kambale wanapishana, na hakuna anayegeuza shingo. Wazee wengi hawakuwa na habari na samaki. Vijana waliokuwa na habari nao walivua kwa neti za mbu, au walitwanga utupa, yale majani ya sumu, wakayamwaga majini mpaka wadogo kwa wakubwa wakaelea matumbo juu. Mimi nikachukua ndoana zangu, nikachimba nyungunyungu nyuma ya migomba ya mama mkwe, nikaenda kukaa ukingoni. Hata sijakaa vizuri nikasikia kengele ya baiskeli.

"Shikamoo, mzee," nikasema bila kugeuka, maana mshipi ulikuwa unatikisika.

"Marahaba. Wewe ni mke wa nani?"

Nikamtajia.

"Na nani amekuruhusu kuvua hapa?"

"Kwani mto una mlango, mzee?"

Nikajua nimeharibu. Mgeni mimi, bado naitwa bibi harusi, tayari nimemjibu mzee wa watu. Akaegesha baiskeli, akaja kuchungulia ndoo yangu. Mlikuwa na kambale mkubwa na mwingine mdogo kama kidole cha gumba. Akasema, "Huyu mdogo mrudishe, hajala chumvi bado." Nikamrudisha. Akapanda baiskeli akaenda zake, na Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, akasimama mbele ya kigango na kusema kwamba anayetaka watoto wake waje kuwajua samaki kwa macho, si kwa hadithi, abaki nyuma. Tulibaki wachache, wengi wanawake, na vijana wawili watatu wa bodaboda waliodhani kuna mradi. Ndicho kikawa Kikundi cha Wavuvi na Watunza Mto. Yeye akawa mwenyekiti kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na filimbi.

Uongozi wake ulikuwa wa sala. Jumamosi asubuhi tulikutana darajani, kila mtu na ndoana yake, maana nyavu zilikatazwa, na kabla ya mshipi wowote kugusa maji Katekista alivua kofia. Alimwombea Baba Mtakatifu. Alimwombea Rais. Aliwaombea wagonjwa wa hospitali ya Rulenge, wanafunzi wenye mitihani, wasafiri, na waliosahauliwa toharani. Jua linapanda, nyungunyungu wanakauka kwenye kopo. Kijana mmoja wa bodaboda, mdomo haujui breki, siku moja akamwambia, "Katekista, si ungetuacha tutupe ndoana kwanza, halafu tusali tukisubiri?"

Katekista akafikiri kweli kweli. "Na samaki akivuta katikati ya Baba Yetu?"

"Tunamvuta, mzee, halafu tunaendelea na mkate wetu wa kila siku."

Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka, na tangu siku hiyo sala ikafupishwa, ingawa Baba Mtakatifu hakuwahi kuachwa.

Yeye mwenyewe kuvua hakujua. Alishika mshipi kama anashika mkia wa ndama, akawa anauvuta kila dakika kuangalia kama chambo bado kipo. Kuogelea pia hakujua, na maji yakivuka magoti yake uso ulibadilika. Alivaa mabuti ya mpira siku zote, hata kwenye misa. Mke wake alisema ameolewa na mtu anayeogopa maji halafu anashinda mtoni, na kwamba akizama hatamlilia kwa sababu alishasema. Lakini huyo huyo asiyejua kuvua ndiye aliyejua kila dimbwi, na lenye mfinyanzi chini, na lenye mizizi, na mahali kambale mama alikozoea kulala. Alikuwa akiwatazama tu. Mtu anaweza kuwatazama samaki miaka yote bila kutaka kuwala, ni mimi tu ndiye niliyeona ajabu.

Sababu ya kutokula, kila mtu alipewa yake. Paroko aliambiwa ni tumbo. Watoto wa mafundisho waliambiwa ni miiba. Mimi, kwa kuwa nilimkera sana, niliambiwa ukweli, au kitu kilichofanana na ukweli: kwamba ukoo wao samaki ni mwiko, babu yake alikataa, baba yake alikataa.

"Lakini wewe ndiye unayewafundisha watu waache mambo ya mizimu," nikamwambia.

"Sikusema ni mizimu. Nimesema hatuli."

"Na ukila?"

"Sijui. Hakuna aliyekula tukajua."

Nikamwambia basi ajaribu tuone, nina kipande hapa cha moto. Akaniangalia kwa hasira ya kweli, akasema Wazinza hatuna adabu ya mezani. Mpaka tunamzika hakujaribu.

Mvua za kwanza zilikuwa sikukuu yake. Mto ukijaa na kumwagika kwenye majani ya bonde, kambale hupanda huko kwenye maji ya kina kifupi kutaga, wanajinyonganyonga kwenye nyasi mpaka migongo inaonekana. Zamani, yaani kabla ya kikundi, watu walikuwa wanashuka na mapanga na rungu wakiwapiga kama nyoka, mama na mayai yake. Katekista alipiga marufuku. Siku hizo alisimama bondeni kwenye mvua, mwavuli mkononi na filimbi mdomoni, na ukitokea na panga hata kama ni la kukata majani ya mbuzi, filimbi inalia. Ila mwenyewe aliwapa samaki mgongo. Nilimuuliza anachunga nini kama haangalii. Akasema, "Ni ndoa ya watu ile. Nisimame niitazame?" Halafu baada ya muda, kwa sauti ya chini, bado amegeukia kilima: "Wako wengi?" Wako wengi, mzee, nikamwambia. Akatabasamu mpaka mapengo yote yakaonekana.

Sasa nije kwenye malipizi, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Kikundi kilikuwa na sheria, na sheria bila adhabu ni mapambo. Wengine walitaka faini. Katekista akakataa, akasema faini ataitoa mwenye nacho na kesho atarudi na neti yake. Yeye alifikiri kikanisa. Padri anakupa malipizi baada ya kuungama, sala kadhaa au tendo fulani jema, ukalitimize. Kwa hiyo na mto uwe na malipizi yake. Ukikamatwa na neti ya mbu, ukikamatwa na utupa, ukilima mpaka kwenye ukingo wa maji, unakuja mbele ya kikundi, unasema kosa lako kwa mdomo wako, na unapewa mche. Unakwenda kuupanda juu kwenye chemchemi, unaumwagilia mpaka ushike. Basi, umesamehewa, hakuna wa kukutajia tena.

Lilikuwa wazo zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa zuri. Watu waliona aibu kidogo na wakapata kazi kidogo, na hakuna aliyemchukia mwenzake. Neti zikapungua. Hata mume wangu alikamatwa, nami nikiwa nimekaa pale pale kwenye benchi la kikundi, akaungama mbele ya mkewe huku anakuna kichwa. Mkaratusi wake ulinyooka kuliko yeye.

Maana mche wenyewe ulikuwa mkaratusi. Katekista alikuwa na kitalu nyuma ya nyumba, na kwenye kitalu hakuotesha kingine. Mkaratusi unakua haraka, mbuzi hawauli, na unatoa nguzo na kuni. Hapa kwetu ukisema kupanda miti, mtu anakuelewa mikaratusi, kama ambavyo ukisema chakula mtu anaelewa ndizi. Hakuna aliyeuliza. Mimi sikuuliza, bwana misitu aliyepita akala kambale wetu na kutupongeza hakuuliza. Msitu ukapanda juu, mweupe chini na wa bluu juu, harufu yake unaisikia ukiwa barabarani, na watu wakauita Msitu wa Malipizi. Ukipita na mtu wa hapa alikuonyesha: huu wa fulani alipomwaga utupa, huu wa mama fulani na maharage yake ya ukingoni. Katekista alikuwa akiupita kila jioni akipapasa magome ya miti. Ulikuwa ndio kanisa lake la uzeeni. Alishawahi kuniambia kwamba mtu asiye na mtoto wa kiume lazima aache kitu kilichosimama.

Kazi nyingine ya kikundi ilikuwa ya ndoo. Kiangazi kikikaza, mto hubaki madimbwi madimbwi, na kambale wanaobaki kwenye dimbwi dogo hufa. Kwa hiyo tulishuka na ndoo, tukawakamata kwa mikono kwenye tope, tukawabeba mpaka dimbwi kubwa chini ya daraja, ambalo lilikuwa halikauki. Ilikuwa kazi ya kelele na vicheko. Kambale anateleza, mtu anaanguka, tope mpaka masikioni, na Katekista juu ya ukingo anapiga filimbi na kuelekeza kama refa. Mwanzoni tulifanya hivyo mwishoni kabisa mwa kiangazi. Kisha tukaanza kufanya mapema zaidi. Kisha ikafika mwaka ambao mahindi hayajavunwa na sisi tuko na ndoo, na tulipofika chini ya daraja tukakuta dimbwi kubwa lenyewe linanifika magotini. Hakuna aliyecheka siku ile. Tuliwamwaga humo kwa sababu hapakuwa na pengine.

Wa kwanza kusema walikuwa akina mama wanaoteka maji chemchemini. Zamani ndoo ilijaa ukiwa unasalimiana na mwenzako. Sasa unamaliza habari zote, za msiba na za harusi, ndoo bado nusu. Wakasema ni ile miti. Neno likashuka likafika kikundini, na kila mtu akawa analisema njiani na kulimeza akifika mbele ya Katekista.

Mimi kumeza sijui. Kwenye mkutano nikasimama nikasema, "Mzee, kwa heshima yote, miti yako inakunywa mto. Tukate."

Alinijibu bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mti unaleta mvua. Hilo mtoto wa darasa la tatu analijua. Mvua imepungua nchi nzima, hata Biharamulo kwenu imepungua, na huko sikupanda mimi."

"Kwa hiyo akina mama wanaota?"

"Wewe umekuja juzi, mwanangu. Mto huu huujui."

Juzi! Nimezaa watoto wote hapa. Nimemzika mama mkwe hapa kwa mikono hii. Iliniuma, sitaficha, nikakaa chini. Wenzangu waliokuwa wamenisukuma nisimame wakawa wanatazama kucha zao. Katekista akachukua kofia, akasema mkutano umefungwa, na hakufunga kwa sala. Kwa muda mrefu tukawa tunapishana njiani, mimi namwamkia, yeye ananiitikia kama anayelipa deni, kila mtu na njia yake. Kiangazi kilichofuata tulibeba ndoo bila yeye. Tuliokota zaidi waliokufa kuliko tuliowabeba, na mimi niliwakaanga hao hao waliokufa siku ile, watu wakala, na sikusikia ladha.

Nilidhani basi. Nikaanza kuwaza kurudi Nemba kununua dagaa wa ziwani niuze huku, na mume wangu akaanza kuulizia kibarua cha matofali. Kikundi kikawa ni jina.

Kumbe mzee hakulala. Alikuwa mbishi, lakini ubishi wake ulikuwa wa mtu anayetaka kushinda kwa haki. Alichukua jembe, peke yake na kifua chake kibovu, akaenda kuchimba mtaro kati ya mti wa mwisho na jicho la chemchemi, ili atuonyeshe kwamba mizizi haijafika kwenye maji. Alichimba siku nyingi, mke wake anampelekea uji na matusi. Ndipo asubuhi moja tukasikia filimbi kule juu, inalia bila kukoma, tukakimbia tukidhani amezama au ameumwa na nyoka.

Tulimkuta amesimama mtaroni mpaka kiunoni, mikono imejaa tope. Ukuta wote wa mtaro ulikuwa mizizi. Minene kama mkono na myembamba kama nywele, imesukana, yote imeelekea upande mmoja, na pale ilipoingia kwenye jicho la chemchemi ilikuwa imejaa kama katani iliyozibia bomba. Alikata mmoja kwa panga mbele yetu. Ukatiririka maji.

"Njooni muone," akasema, ingawa tulikuwa tunaona. "Mimi nilisema haifiki."

Sikumwambia si nilikuambia. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo miezi mingi, na lilipofika midomoni lilikuwa halina maana. Akatafuta kwa macho mpaka akanipata nyuma ya watu. "Mwanangu, ulisema kweli mbele ya watu. Na mimi nasema mbele ya watu." Kisha akasema miti ikatwe. Yote, mtu asibakize hata mmoja wa kivuli.

Hapo ndipo kituko kilipotokea ambacho watu wa mbali wakisikia hawaamini. Mama mmoja, mtu mzima, mwenye rozari shingoni, akanyoosha mkono. Akauliza: yeye mkaratusi wake aliupanda kwa kosa la utupa, na alipoupanda aliambiwa amesamehewa. Sasa ukikatwa, kosa linarudi? Vijana wakataka kucheka. Lakini nikaona wengi hawacheki, hata mume wangu ameinamisha kichwa anasubiri jibu. Watu walikuwa wameuamini ule msitu.

Katekista alikaa kwenye ukingo wa mtaro kabla ya kujibu. "Halirudi, mama. Makosa yenu yalikwisha siku mlipoyasema. Lililobaki hapa ni langu."

Tulikata. Kila mtu alikuja kwenye mti wake, tena hakuna aliyepanga hivyo. Katekista alikaa kwenye kiti alicholetewa na mke wake, akakataa kupelekwa nyumbani, na kila mti ulipoanguka alitingisha kichwa kidogo. Vumbi na ile harufu vilimzidishia kikohozi. Nguzo zikaenda kuezekea madarasa, matawi wakachukua akina mama kwa kuni, na kwenye uwazi ule kikundi kikapanda mikuyu na matete, mimea ambayo wazee wenyewe walikuwa wakiiacha kwenye maji kabla hatujawa wajanja. Tukapeana mikono, tukasema tumemaliza.

Nilimkuta kwa mara ya mwisho kiangazi kilichofuata. Nilikuwa natoka gulioni Rulenge na karai tupu kichwani, bodaboda akaniacha njia panda, nikaona nipite kumjulia hali kwa sababu nilisikia amerudi kutoka hospitali na ameambiwa apumzike. Nyumbani nikamkuta mke wake peke yake, ameshika kiuno. "Mtu wako yuko juu," akasema. "Nimekataza, nimelia, hasikii. Kamlete wewe, labda ukimtukana atakuja."

Nikapanda. Uwanja wote ulikuwa visiki, na kwenye kila kisiki kulikuwa na kichaka cha majani mapya ya bluu, laini, mazuri kabisa kutazama. Mkaratusi ukiukata haufi. Unachipua pembezoni mwa kisiki, na usipoyaondoa machipukizi, misimu michache tu msitu umerudi, mnene kuliko wa kwanza. Nani asiyejua hapa kwetu? Ndivyo tunavyopata nguzo. Lakini kila mtu kikundini alidhani mwenzake anashughulikia, na mimi mmojawapo.

Katekista alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye udongo, miguu ameinyoosha mbele. Anachuma machipukizi kwa mkono, moja moja, anayaweka kando. Akimaliza kisiki kimoja anajiburuta kwa makalio mpaka kingine. Alikuwa amekonda hivi kwamba shati lilikuwa linasimama peke yake.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, mwanangu. Habari za soko?"

"Soko limekwenda vizuri. Mzee, unajiua hapa."

"Sijiui. Natoa majani."

"Vijana wa kikundi wapo. Ungewaambia tu."

Akavuta pumzi kwanza, ikamchukua muda. "Niliwaambia wapande, wakapanda. Nikawaambia wakate, wakakata. Mara ya tatu ningeanzia wapi?"

Nikatua karai, nikachutama karibu naye nianze kusaidia, akanizuia kwa mkono. "Hivi vya chini nitamaliza. Vya juu ndivyo sivifikii." Alirudi kwenye kisiki chake kana kwamba alikuwa ametaja tu hali ya hewa.

Nikajifunga khanga, nikapanda kwenye mteremko. Machipukizi machanga yanang'oka kwa urahisi, yaliyokomaa kidogo yanataka kupindwa na kunyongwa. Nikanyonga mpaka mikono ikanuka dawa ya kifua na kucha zikawa nyeusi. Kutoka chini sauti yake ilikuwa inanifikia ikiwa imechoka lakini ni ile ile ya darajani: kushoto hapo umeacha kimoja, nyuma yako, nyuma yako. Nilikuwa namjibu naona, mzee, naona! Nilikuwa sioni, machozi yalikuwa yananichuruzika, na sikutaka ajue.

Niliposhuka alikuwa amejiburuta mpaka kwenye jicho la chemchemi na kutumbukiza mkono. Maji yalikuwa yamemfika kwenye kifundo cha mkono. Sikumbuki yalikuwa wapi mwaka ule wa mtaro, na huenda hata yeye hakukumbuka, lakini alikuwa ameuacha mkono humo anautazama.

"Yatafika darajani lini?" nikamuuliza.

"Sitayaona mimi. Visiki hivi vinataka mtu kila mwezi, miaka miwili, mitatu. Vinachoka polepole." Akatoa mkono, akaufuta kwenye suruali. "Utakuja?"

"Nitakuja."

"Hata kama sipo?"

"Hata kama hupo, mzee."

Akaninyooshea mikono nimwinue. Nilipomwinua nilishtuka, hakuwa na uzito. Nikamshika kwapani, karai langu mkono wa pili, tukateremka taratibu, tukisimama kila alipokohoa. Nilitegemea ataniambia kuhusu hospitali, au kuhusu mke wake atabaki na nani. Njia nzima alikuwa ananitajia visiki nilivyoviruka.